Kabla ya kuzika nyaya za umeme kwenye avenyu yenu

Kuzika nyaya hakuongezi umeme. Naanza na hilo kwa sababu katika vikao vya wakazi nilivyohudhuria hapa Lubumbashi, hakikosekani mtu anayeamini kwamba nyaya zikishuka ardhini delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, itakwisha. Haitakwisha. Umeme wetu unatoka kwenye mitambo ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na mwingine unatoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, kwa njia kuu iliyokamilika mwaka 1982, ambayo inavuka nchi karibu kilomita 1,700 hadi Kolwezi. Migodi nayo inachota sehemu kubwa ya umeme huohuo. Upungufu ukianzia huko, hata ukizika waya mita mbili chini, resho, yaani jiko la umeme, itabaki baridi na mama atawasha makala.

Kinachotibiwa ni kipande cha mwisho, kutoka kabini (kibanda cha transfo) ya kartiye hadi mlango wa parsele, yaani kiwanja cha mtu. Na sisi tunaokaa pembezoni mwa jiji, kipande hicho ndicho kinachotutesa. Mvua za Novemba zikianza na upepo wake, tawi la mwembe linalalia nyaya, mbili zinagusana, fyuzi ya transfo inaungua, na avenyu nzima inalala gizani usiku ambao kartiye jirani wana umeme. Nguzo za miti zinaliwa na mchwa pale zinapoingia udongoni, na anayeujua udongo wa Katanga na vichuguu vyake hahitaji kuelezwa zaidi. Lori la mchanga likirudi nyuma vibaya, nguzo imelala. Waya ukianguka kwenye dimbwi la mvua, unaweza kumwua mtoto anayekwenda shule. Kwa ajili ya hayo, na hasa hilo la mwisho, naunga mkono kuzika nyaya kwa moyo wote. Nilikuwa ndani ya kamati ya kartiye yetu, komini ya Kampemba, tangu wazo lilipoletwa hadi mitaro ilipofunikwa, na nataka wenzetu wayajue haya kabla hawajanunua hata mita moja ya kable.

Mwanzo wa safari ni SNEL, shirika la umeme la taifa, na komini, kisha ndipo duka. Mchoro ukubaliwe na mwenye mtandao, ruhusa ya kupasua barabara itoke kwa wenye mamlaka, na iandikwe wazi nani atakuwa mwenye kable baada ya kazi na nani atakuja kuitengeneza ikiungua. Tangu sheria ya umeme ya Juni 2014 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi, swali hilo limekuwa na majibu zaidi ya moja, kwa hiyo msiliache hewani. Kable isiyo na mwenyewe ikipata hitilafu, wakazi hubaki wakitazamana.

Halafu hesabuni. Msihesabu parsele, hesabuni majiko. Parsele moja kwenye mchoro wa zamani ina nyumba moja, lakini ukiingia ndani unakuta aneksi mbili, wapangaji watatu, saluni mbele na friza ya mama anayeuza maji baridi. Chukua familia 20, kila moja ina resho mbili za wati 1,500. Saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwepo, wote wanapika kwa pamoja: hizo ni kilowati 60. Mzigo huo ukigawanywa sawasawa kwenye fezi tatu, kila fezi inabeba kama ampea 87. Ukirundikwa kwenye fezi moja, kama fundi wa haraka anavyopenda kufanya, ni ampea 260, na kable hiyo haitamaliza mwaka. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba waya wa juu unapozwa na upepo, lakini kable ya chini inabaki na joto lake, hasa udongo ukikauka mwezi wa tisa na wa kumi. Kable nyingi zikilazwa kwenye mtaro mmoja, zinapashana joto. Kwa hiyo unene uliokutosha juu ya nguzo unaweza usikutoshe ardhini. Na avenyu ikishapata umeme usiokatika ovyo, watu hununua resho nyingine. Wekeni nafasi ya ukuaji huo tangu mwanzo, kwa sababu kubadilisha waya juu ya nguzo ni kazi ya siku, lakini kubadilisha kable iliyozikwa ni kupasua barabara upya.

Shaba au alumini? Jiji letu limesimama juu ya shaba na wanunuzi wa vyuma chakavu wako kila kona. Mimi nashauri alumini. Inahitaji kable nene zaidi kwa mzigo uleule, lakini bei yake ni nafuu na haimvutii mwizi kama shaba. Sharti lake ni moja: pale alumini inapokutana na shaba ya nyumbani, kitumike kiungio maalumu cha metali mbili. Ukizisokota kwa mkono na kufunga utepe, pale patakula kutu, patachemka, na ndipo moto utakapoanzia. Chagueni pia kable yenye mkanda wa chuma ndani ya ganda lake. Mchwa wa kwetu anatafuna plastiki.

Sasa mtaro. Chini ya njia ya miguu, sentimita 60 ndiyo mwisho wa kupunguza. Magari yanapopita, fikeni mita moja na kable ipite ndani ya bomba gumu. Chini iwe tabaka la mchanga safi wa sentimita 10, kable ilale, mchanga mwingine juu yake, udongo uliochujwa mawe, kisha wavu mwekundu wa onyo karibu sentimita 20 au 30 juu ya kable, ndipo udongo wa kawaida ushindiliwe. Bomba la maji likae mbali, angalau sentimita 20. Kwetu, sehemu moja ilikuwa na mwamba, na wachimbaji wakataka kuishia sentimita 30 wakisema hakuna atakayejua. Tulikataa, wakaleta nyundo nzito na kuendelea. Baadaye vijana waliokuwa wakichimba msingi wa ukuta mahali pengine kwenye avenyu hiyohiyo waliukuta ule wavu mwekundu, wakaacha sururu, wakaja kuuliza. Sijui kitu cha bei ndogo kuliko wavu ule kinacholinda maisha ya watu kiasi hicho.

Msimu mzuri wa kuchimba ni mwisho wa Aprili na Mei. Mvua zimeisha lakini udongo mwekundu bado una unyevu. Ukingoja Agosti, ardhi ni ngumu kama tofali lililochomwa na malipo ya wachimbaji yanapanda. Ukianza Oktoba, mvua itakukuta mtaro ukiwa wazi.

Maungio ndiyo yanayoleta matatizo mengi. Kable nzima inaweza kukaa ardhini miaka mingi, lakini maungio yaliyofungwa vibaya huingiza maji msimu wa kwanza. Yapunguzeni: nunueni kable kwa urefu unaofika kutoka sanduku hadi sanduku bila kuunga katikati. Masanduku ya kugawia yakae juu ya msingi wa saruji, juu ya kimo cha maji ya mvua, yawe na kufuli, na yasiwe kwenye mkondo wa mtaro wa maji machafu. Na siku ya kuunga, kila jenereta ya avenyu ifungwe kwa ufunguo. Nalisisitiza hili kwa sababu kwetu delestaji imetuzoesha kuwasha gurupu, yaani jenereta, bila kufikiri. Gurupu iliyochomekwa kwenye soketi ya nyumba bila swichi ya kubadilisha chanzo hurudisha umeme barabarani, na fundi aliyeshika kable akiamini kwamba imekufa, anakufa yeye. Tulipita nyumba kwa nyumba, tukiandamana na chefu wa avenyu, na tusingeruhusu kazi ianze kabla ya kumaliza.

Kabla ya kufukia, piga picha na upime. Hapa ndipo ningependa kila kamati isimame hata kama mkandarasi anaharakisha. Siku mtaro uko wazi, kila kitu kinaonekana: kina, mchanga, mahali kable inapopinda, mahali inapovuka bomba la maji. Jioni ikifukiwa, yote hayo yamepotea, isipokuwa yameandikwa. Pimeni kutoka vitu visivyohama, yaani kona ya ukuta wa saruji, kizingiti cha geti, daraja la mtaro. Msipime kutoka mti, kwa maana mti utakatwa. Waya wa juu ukikatika, fundi anautazama tu. Kable ya chini ikiungua anahitaji kifaa cha kutafuta hitilafu, na bila ramani atachimba mashimo matano kabla ya kuifikia. Nakala za ramani ziwe kwa mwenye mtandao, komini, chefu wa avenyu na mkazi mmoja wa kudumu, na anayehama akabidhi yake.

Fedha ni ngumu, sitaficha. Kuzika hugharimu mara kadhaa ya kutandika juu. Huko Perth, Australia Magharibi, serikali ilianza mwaka 1996 mpango wa kuzika nyaya za vitongoji vya zamani, baada ya dhoruba kali ya mwaka 1994, na gharama ikagawanywa kati ya serikali, manispaa na wenye nyumba. Sisi hatuna mfuko kama huo, lakini kanuni ya kugawana inatufaa: mwenye parsele alipe, mpangaji asitozwe kwa ukuta usio wake, na mjane wa kona apunguziwe mbele ya wote, kwa kuandikwa, ili pasiwe na minong'ono. Daftari la michango lisomwe kila kikao.

Na kama fedha haitoshi kwa kartiye nzima, msilazimishe. Zikeni njia kuu kutoka kabini hadi masanduku ya kugawia, kwenye barabara yenye malori na miembe mikubwa. Kwenye vichochoro tumieni kable ya kusokota yenye ganda, inayopita juu lakini haiui ikiguswa na tawi wala haifi kwa upepo mdogo. Kwa maoni yangu hiyo ni bora kuliko kuzika yote kwa kable nyembamba.

Nguzo za zamani zisiguswe mpaka kila nyumba iwe imehamia kwenye kable mpya na imekaa wiki chache bila hitilafu. Hesabuni pia vilivyoning'inia juu yake: taa za barabarani, nyaya za simu na intaneti. Wenye nyaya hizo waitwe mapema, mtaro ukiwa bado wazi, walaze mabomba yao upande wa pili. Wasipokuja, nguzo zitabaki zimesimama huku zikiliwa na mchwa, na siku moja zitaangukia watu zikiwa hazina hata umeme. Zikishang'olewa, mashimo yajazwe siku hiyohiyo, kwa maana watoto wanacheza mpira barabarani hata jioni umeme ukiwa umekatika.