Muulize Fundi: Waifai imejaa, lakini darasa linakwama

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, naishi ghorofa ya nne hapa Kariakoo. Jioni nafundisha wanafunzi wa kidato cha nne kwa simu ya video. Alfajiri nikisahihisha kazi zao mtandao unakimbia vizuri, na mchana pia haunisumbui. Ikifika saa mbili usiku, sura za watoto zinaganda, sauti inakatika, nabaki nauliza tu "mnanisikia?" Alama ya waifai kwenye laptopu imejaa. Nimepandisha bando mara mbili, sijaona nafuu. Kwenye orodha naona waifai za majirani zaidi ya ishirini. Je, wananiibia?
Mwalimu, Kariakoo

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Hawakuibii. Kama neno lako la siri ni gumu na hujampa mtu, jirani hachoti bando lako. Ila wanakubana hewani bila kujua, na wewe unawabana wao vilevile.

Tafadhali usipandishe bando tena. Inaniuma mtu anapolipia dawa mara mbili kabla hajapimwa. Leo saa mbili usiku, chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu, zima waifai ya laptopu, pima kasi. Kisha chomoa waya, washa waifai, pima tena ukiwa umekaa palepale. Kama hata kwa waya mtandao unasuasua, tatizo liko kwa waliokuuzia huduma. Wapigie ukiwa na vipimo vyako mkononi. Kama waya unakimbia na waifai inatambaa, basi ni hewa. Mimi natembea na waya wa mita tano kwenye begi, na sigusi ruta ya mtu kabla sijautumia.

Ile alama iliyojaa inakuambia laptopu inaisikia ruta yako kwa nguvu kiasi gani. Haikuambii kuna kelele kiasi gani pembeni. Ruta nyingi majumbani bado zinazungumza kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo ni membamba. Ukifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta utaona yamegawanywa vijia 11 au 13, vinavyoitwa chaneli, udhani nafasi ni tele. Lakini chaneli moja na inayofuata zimepishana megahezi 5 tu, wakati ruta ikizungumza inahitaji kama megahezi 20. Kwa hiyo zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami naomba unifuatilie taratibu. Niliitwa kwenye nyumba moja ya ghorofa Upanga. Mwenye nyumba alikuwa mtu makini. Alishapakua programu ya kuonyesha chaneli, akaona majirani wamejazana kwenye 1 na 6, akaihamisha ruta yake kwenda 3 kwa sababu hapakuwa na mtu. Hali ikawa mbaya zaidi, akaamini ruta imekufa. Haikufa. Fikiria foleni ya ndoo kwenye bomba. Ruta zilizo kwenye chaneli moja zinasikilizana: mmoja akichota, mwingine anasubiri zamu yake. Inachelewesha, lakini kila mtu anaondoka na maji. Aliyekaa kwenye 3 haelewi maneno ya foleni ya 1 wala ya 6. Kwake ni kelele tu, na sauti yake kwao ni kelele. Anasukuma ndoo yake katikati ya ndoo za watu, maji yanamwagika, kila mmoja anaanza upya. Tuliirudisha kwenye 11, iliyokuwa na majirani wawili tu wa mbali, na simu ya video ya binti yake ikatulia tukiwa bado tumesimama sebuleni.

Kwa hiyo Mwalimu, pakua programu ya bure ya kupima waifai kwenye simu ya Android. Simama pale unapofundishia, saa ileile ya tatizo. Usihesabu majina tu, angalia nguvu zake. Jirani anayesomeka -50 yuko sikioni mwako. Wa -85 ni mnong'ono. Kati ya 1, 6 na 11, chagua yenye sauti ndogo. Ili kubadili, andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Anwani sahihi na neno la kuingilia mara nyingi vimebandikwa chini ya ruta. Ukiwa humo, weka upana wa chaneli kuwa megahezi 20. Ukiacha 40 kwenye jengo kama lenu, unakalia nafasi ya watu wawili na unapokea kelele za wote wawili.

Usiiachie ruta ijichagulie. Nyingi huchagua pale zinapowashwa, na sisi tunajua umeme ukirudi kinachotokea: ruta za jengo zima zinawaka kwa pamoja, kila moja inachagua kabla wenzake hawajatulia.

Dawa yenyewe hasa, kama ruta yako inayo, ni masafa ya gigahezi 5. Huko chaneli ni nyingi zaidi, na mawimbi yake hayapendi kuta za tofali. Watu wanalalamikia hilo, lakini kwa anayeishi ghorofa ni neema: ya jirani inafia ukutani kwake. Yape jina la peke yake, uunganishe laptopu ya darasa, na ruta iwe chumba hichohicho, juu ya meza. Anza na chaneli 36 au 44. Kuanzia 52 kwenda juu kuna chaneli zinazochangiwa na rada. Ruta ikisikia rada lazima ihame, na sitaki ihame ukiwa katikati ya milinganyo.

Kama una maikrowevu, usipashe chakula wakati wa somo. Nayo inavuja kidogo kwenye masafa yaleyale ya 2.4. Na ongea na jirani wa ukuta mmoja, umwonyeshe picha ya chaneli kwenye simu. Nimeshuhudia majirani watatu wa korido moja wakigawana 1, 6 na 11 kwa dakika kumi, mlangoni, bila kuita fundi.

SWALI: Fundi, nimeshauriwa ninunue ripita niiweke sebuleni kwa sababu waifai ya chumbani inasumbuliwa na za majirani. Ninunue?
Mama wa Sinza

JIBU: Subiri kwanza, mama. Ripita ya kawaida inasikia neno, halafu inalirudia kwenye chaneli ileile. Neno moja linasemwa mara mbili kwenye hewa ambayo tayari imejaa. Inafaa pale ambapo mawimbi hayafiki kabisa. Kwako yanafika, yanazongwa tu. Pesa hiyo nunua waya, uutoe chumbani hadi sebuleni, na mwisho wake ufunge ruta ya pili kwenye chaneli tofauti na ya kwanza.