Kama si bima, jimbo linaruhusuje iuzwe?

SWALI: Mimi ni Mkongomani, naishi Houston, Texas. Mwaka jana wakala tunayesali naye alinisajili mimi na mume wangu kwenye mpango wa afya wa Kikristo, bei yake chini ya nusu ya bima ya kawaida. Mume wangu alipolazwa kwa tatizo la figo, walikataa kulipa, wakisema alikuwa na presha kabla ya kujiunga. Nilipiga simu idara ya bima ya jimbo, nikaambiwa jambo hilo haliwahusu. Sheria si inakataza kumnyima mtu kwa ugonjwa wa zamani?

JIBU: Pole sana, dada, Mungu amjalie mume wako nafuu. Sheria unayoitaja ipo. Tangu 2014 kampuni ya bima haiwezi kumkataa mtu wala kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa aliokuja nao. Ila sheria hiyo inazibana kampuni za bima, na ulichouziwa ni mpango wa waumini kuchangiana gharama. Tafuta fomu uliyosaini. Sheria ya Texas inawalazimisha waandike humo kwamba wao si kampuni ya bima, na kwamba hakuna mwanachama anayelazimika kukulipia bili. Wakala mwenye haya angeanza na maneno hayo.

Kinachonichosha kuliko yote ni imani kwamba kitu kikiuzwa hadharani, basi serikali imekikagua. Wapo mawakala wanaoishi kwa imani hiyo. Wanazunguka makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp wakisema "ni halali kabisa", na hapo hawadanganyi. Ni halali kwa sababu kuna waliokwenda bungeni kuhakikisha hivyo.

Tangu 1945, kwa sheria ya McCarran-Ferguson, Marekani iliyaachia majimbo kazi ya kusimamia bima. Kwa hiyo anayetaka kuuza kitu kinachofanana na bima bila kusimamiwa hana haja ya kuhangaika Washington. Kinachomtosha ni kifungu kimoja kwenye sheria ya jimbo kinachosema: hii si bima. Mipango ya kuchangiana ilipata kifungu chake Texas mwaka 2013, na majimbo kama 30 yana kifungu cha namna hiyo. Ina umoja wake, na kazi kubwa ya umoja huo ni kuzungumza na wabunge.

Mwaka 2021 ikawa zamu ya Texas Farm Bureau, chama cha wakulima chenye sauti kubwa Austin, makao makuu ya jimbo. Kilipata ruhusa ya kuuzia wanachama wake mipango ya afya ambayo sheria yenyewe inasema si bima, kwa hiyo mwombaji anaweza kuulizwa magonjwa yake na kukataliwa. Tennessee ilifungua njia hiyo mwaka 1993. Iowa ikafuata 2018, Kansas 2019, Indiana 2020. Huko Iowa anayeendesha mpango huo ni Wellmark Blue Cross Blue Shield, kampuni kubwa ya bima ya jimbo hilo hilo. Huko Texas watetezi wa wagonjwa wa saratani walipinga, wakashindwa. Wenye afya wanapohamia kwenye bei nafuu, wagonjwa ndio wanaobaki kwenye bima halisi, na gharama yake inapanda.

Kwa nini watetezi hao wanashindwa? Bunge la Texas hukaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, na mshahara wa mbunge ni dola 600 kwa mwezi. Mtu wa namna hiyo ana kazi nyingine ya kumlisha, na miswada iliyo mbele yake ni maelfu. Mshawishi wa kulipwa anamfikia na maelezo yaliyokamilika, mara nyingine na kifungu kilichokwisha kuandikwa. Mgonjwa wa figo wa Houston hana mtu kwenye korido zile.

Kwa sasa, shughulikieni bili kwanza. Kama hospitali ni ya kutotafuta faida, sheria ya kodi ya taifa inailazimisha kuwa na utaratibu wa msaada wa kifedha, na mna siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Ombeni hata kama deni limeshapelekwa kwa wakusanya madeni. Kateni rufaa kwa mpango wenyewe kwa maandishi, kisha mpelekeeni Mwanasheria Mkuu wa Texas malalamiko kuhusu maneno ya wakala, mkiambatanisha ujumbe wake wote wa simu. Msifute hata mmoja.

Na wengine mnaosoma, msisubiri kulazwa. Usajili wa bima kwenye HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya taifa, hufunguliwa 1 Novemba. Huko mtaulizwa umri, mnapoishi, kipato, na kama mnavuta tumbaku. Hakuna atakayewauliza mnaumwa nini. Wakala akianza kuuliza habari za presha au sukari, anachouza si bima hiyo, hata kama kadi yake ina nembo nzuri na yeye mwenyewe anaimba kwaya. Kateni simu.