Kufundisha hali ya hewa na misimu bila vifaa: kijiti, chupa na majina ya pepo

Mwalimu mwenzangu uliyeuliza jana, umesema umepangiwa shule ya Manyoni, mkoani Singida, una Darasa la Tano lenye watoto themanini, na huna hata kipimajoto kimoja. Umesema pia watoto wanakariri maana ya hali ya hewa na tabianchi, ukiwauliza wiki ya pili wamesahau. Nimefundisha mada hii miaka kumi na saba, kumi na moja Pangani, pwani ya Tanga, na sita Dodoma. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mada hii naipenda na inaniuma kuiona ikifia ubaoni.

Nianze na kosa langu. Nilipohamia Dodoma nilikuwa na misimu ya Pwani kichwani: masika Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Agosti, vuli Oktoba hadi Desemba, kiangazi Januari na Februari. Nikaichora ubaoni kwa chaki za rangi kama nilivyozoea. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, na sisi vuli yetu iko wapi?" Nikamjibu, iko Oktoba. Akageuka kutazama dirishani. Ilikuwa Oktoba, uwanja mzima vumbi, na wingu halikuwepo. Huko mvua huanza kama Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, mara moja tu kwa mwaka, nao wanaiita msimu. Nilikuwa namfundisha mtoto ayakatae macho yake aamini ubao. Kwako Manyoni ni hivyo hivyo, kwa hiyo kabla hujafungua kitabu waulize watoto: nyumbani mnalima lini, mnapanda lini, mnavuna lini, baridi inawasumbua mwezi gani? Chora duara la miezi kumi na miwili, wao wajaze. Duara hilo ndiyo kalenda ya misimu ya kwenu, na ya kitabuni itakuja kulinganishwa nalo.

Halafu chimbieni kijiti. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho nisingekiacha hata ningenyimwa vingine vyote. Fimbo iliyonyooka, urefu wa mita moja juu ya ardhi, isimame wima kabisa (funga jiwe kwenye uzi uhakikishe), pasipo kivuli cha mti wala jengo. Kuanzia saa sita kamili watoto waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kitafupika, kitafika mwisho, kisha kitaanza kurefuka tena. Kile kifupi kuliko vyote ndicho cha jua likiwa juu kabisa kwa siku hiyo. Watoto wengi, na walimu wengi pia, wanaamini jua hufika juu kabisa saa sita juu ya alama. Pangani mwanzoni mwa Machi lilikuwa linafika kama saa 6:35. Manyoni iko magharibi zaidi, kwa hiyo mwezi ule ule kwenu litachelewa zaidi; kwa mwaka mzima ni kati ya saa 6:25 na 6:55 kutegemea mwezi.

Pangani tulipima mwishoni mwa Mei, kabla ya kufunga shule. Kivuli kilikuwa karibu sentimita 50, kimelala upande wa kusini. Tukapima tena mwishoni mwa Novemba: kama sentimita 27, na safari hii kimelala kaskazini. Darasa lilizuka kelele. Mvulana mmoja alidai nimegeuza kijiti usiku. Wiki ya kwanza ya Machi kivuli kilikaribia kupotea kabisa, kimejikunja chini ya fimbo, na hivyo hivyo mapema Oktoba. Hapo sikuhitaji kuwaambia kwamba jua linahama; walikuwa wamelikamata wenyewe kwa vigingi.

Kijiti hicho ndicho kitakachokusaidia kueleza mvua. Ukanda wa mvua, pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na hewa kupanda juu, hulifuata jua likihama, ila huchelewa kidogo nyuma yake. Ukishuka kusini kati ya Oktoba na Desemba, Pwani ya kaskazini inapata vuli. Ukirudi kati ya Machi na Mei, inapata masika. Januari na Februari ukanda umelala zaidi juu ya kati na kusini mwa nchi, ninyi mnalima, na Tanga inabaki na joto na upepo mkavu wa kaskazi. Yule binti wa Dodoma angestahili jibu hili siku ile, na nilimrudia nalo mwaka uliofuata.

Kuhusu upepo, tumia lugha yenyewe. Mtoto anayesema Kiswahili tayari ana majina: kaskazi anatoka kaskazini-mashariki, kama Desemba hadi Machi, na kusi anatoka upande wa kusini, Aprili au Mei hadi Septemba. Upepo na upande wa dunia vina jina moja. Pangani nilimwalika mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi. Watoto wakasimama, "Shikamoo babu", naye "Marahaba, wajukuu zangu", kisha akaketi kwenye kiti changu, akawaeleza jinsi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalivyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Akawapa majina ambayo hayamo kwenye kitabu: umande unaovuma asubuhi kutoka bara, matlai wa mashariki, maleleji, yaani ule wakati wa katikati ambapo upepo hauna msimamo. Akawaambia pia kwamba wazee hawakuweza kuutegemea mwezi mwandamo kwa safari wala kwa kilimo, maana Ramadhani huzunguka misimu yote, ndiyo maana wakahesabu siku za mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka huo, kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo. Wewe huna nahodha huko, lakini una babu anayejua mvua ya kwanza ya kupandia na ile ya kudanganya. Mwite aje. Muda wake darasani una thamani kuliko kurasa kumi.

Chupa ya mvua. Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno. Kata shingo, igeuze kichwa chini iwe faneli ndani ya chupa, pachika rula ubavuni. Kitako cha chupa hakijanyooka, kwa hiyo mimina maji hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, hapo ndipo sifuri ya rula. Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile. Mwaka wa kwanza niliiweka karibu na ukuta wa darasa ili mbuzi wasiiangushe, na namba zetu zikawa ndogo ajabu hata siku za mvua kubwa, kumbe bati lilikuwa linaizuia. Iweke wazi, mbali na paa na miti, na uizungushie miiba.

Sasa zipe milimita uhai. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tulipima paa la madarasa mawili, mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Siku moja chupa ilionyesha milimita 25. Wakazidisha: lita 4,000. Nikawaambia wagawe kwa ndoo ya lita 20. Ndoo 200! Hawa ni watoto waliokuwa wanaamka alfajiri kwenda kuchota. Kimya kilichofuata sikisahau, na mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza habari ya mfereji wa bati kwa sababu mwanawe alimpigia hesabu ile nyumbani.

Hali ya hewa na tabianchi, hapa neno lenyewe linakubeba. Ndani ya tabianchi mna tabia. Juma akichelewa namba leo, je, tuseme ana tabia ya kuchelewa? Hapana, mpaka tumwone muda mrefu. Ndivyo wataalamu wanavyotumia kumbukumbu za miaka 30 kabla ya kuitaja tabia ya mahali. Daftari la mvua la darasa lako ni hali ya hewa ya kila siku. Likirithiwa na darasa linalofuata, na linalofuata, linaanza kuelekea kwenye tabianchi. Mvua ikichelewa mwaka mmoja watoto watasema ni mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu wamesikia redioni. Usiwakatishe tamaa, ila waulize: daftari linasemaje? Kisha wape mfano wa muda mrefu kweli: barafu ya Kilimanjaro ilifunika karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na chini ya 2 mwaka 2011. Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uubandike ukutani kila unapotoka, wa msimu na wa siku, watoto waulinganishe na chupa yao.

Misimu minne ya Ulaya utaifundisha, iko kwenye mtihani, lakini iwe ya mwisho. Hapo kuna mtego wa lugha. Vitabu vikisema "kiangazi cha Ulaya ni Juni hadi Agosti", mtoto anashangaa, maana miezi hiyo yeye analala na sweta. Mwambie wazi kwamba tumetumia majina yetu kuitia misimu ya watu wengine. Wengi pia watakwambia huko joto huja kwa sababu dunia imelikaribia jua. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya inaganda. Washa tochi ya simu juu ya daftari la hesabu: ukiielekeza wima, hesabu vijimraba vilivyoangazwa, ukiilaza, hesabu tena. Mwanga ni ule ule, umetawanyika kwenye vijimraba vingi, kila kimoja kinapata kidogo. Ndivyo miale ya jua inavyoifikia Ulaya Januari: imelala.

Kwa watoto themanini, wagawe makundi manane, kila kundi liwe na zamu ya wiki moja ya kijiti na chupa, na kiongozi asaini daftari. Usimpe zamu ya kwanza yule anayejua kila kitu. Mpe aliyekaa nyuma kabisa.

Kijiti unaweza kukichimbia hata kesho. Ukishapata kivuli kifupi cha kwanza, niandikie urefu, upande na saa. Nitawapa wanafunzi wangu wapime siku hiyo hiyo, wazilinganishe namba zetu na za Manyoni.