Usitoe Betri Zote kwa Pamoja

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Marehemu baba yetu alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kabatini mwake tumekuta kile kikompyuta chake, Psion Series 5. Humo ameandika madeni, namba za watu na hesabu zote za nyumba aliyokuwa akiijenga Bombolulu. Kinawaka, ila kinaonya kwamba betri zinakwisha. Kaka yangu anataka kukipeleka kwa fundi wa simu akifungue. Tutayapata yaliyomo?
Binti wa Majengo

JIBU: Waalaykum salaam, binti yangu. Mungu amrehemu mzee. Mwambie kaka asikifungue, na wala asikipeleke popote kwa sasa.

Kifaa hicho hakina diski. Alichoandika mzee kimo kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM huhifadhi kitu muda wote inapopata umeme tu. Umeme wenyewe unatoka kwenye betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na betri moja ya akiba, ya mviringo, aina ya CR2032. Zote zikikosekana kwa wakati mmoja, kila kitu kinafutika, na hakuna fundi atakayekirudisha, awe wa Digo Road au wa Uingereza kilikobuniwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua betri mbili mpya za AA za alkali na moja ya CR2032, kisha kizime. Anza na ile ya akiba, kwa kuwa hujui ina miaka mingapi humo, na za AA bado zinashikilia. Ukishaiweka mpya, ndipo ubadilishe za AA. Kama moja imevuja, futa ule unga kwa kitambaa kikavu. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma haraka. Usiwashe taa ya skrini, inakula umeme bure.

Kikishatulia, chukua simu yako upige picha kila ukurasa wa madeni na namba. Ndiyo, picha tu. Ni njia ya kishamba lakini haiwezi kukuangusha. Baada ya hapo tafuta kadi ya kuhifadhia mafaili iitwayo CompactFlash. Wapiga picha wa harusi wa siku zile walizitumia kwenye kamera zao, waulize. Omba kadi ndogo, ya MB 64 au 128, maana kadi kubwa za siku hizi hazisomeki humo. Ichomeke, nakili mafaili yote, kisha kwa kisoma kadi chochote utaifungua kwenye laptopu. Maandishi ya programu yake ya Word yahamishe kwanza yawe maandishi matupu, la sivyo laptopu haitayaelewa.

Jambo moja zaidi: ukishafungua kifuniko chake kiache wazi hadi umalize. Waya bapa unaopeleka picha kwenye skrini hupasuka kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Ukiona mistari imeanza kutokea, ujue ni huo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi, nakaa Tudor. Nataka kuandika tathmini za kompyuta za zamani. Nianze kupima nini, kasi au kumbukumbu?

JIBU: Mwanangu, umesoma barua ya huyo dada hapo juu? Anza hapo. Series 5 ilipotoka mwaka 1997 ilisifiwa kwa kibodi yake, na sifa hiyo ni haki yake. Ukifungua kifuniko, kibodi inateleza mbele na mashine inakaa imara, unaandika kwa vidole vyote kumi. Nimeandika barua nzima kwenye kivuko cha Likoni, nimeiweka magotini. Lakini njia ya kutoa maandishi ilikuwa waya wa serial na programu ya PsiWin ya Windows, na laptopu ya leo haina hata tundu la waya huo. Mtu anayekitathmini kifaa ana wajibu wa kumuuliza mtengenezaji: kazi yangu itatokaje humu?

Mengine yapime kwa matumizi. Osborne 1 ya mwaka 1981 iliuzwa dola 1,795 pamoja na programu ya kuandikia ya WordStar, ikaitwa ya kubebeka. Ina kilo 11 na bila umeme wa ukutani haifanyi lolote. TRS-80 Model 100 ya 1983 inaonyesha mistari 8 tu, kila mmoja herufi 40, lakini betri nne za AA zinaiendesha kwa saa nyingi. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu waliweza kutuma habari kwa simu wakiwa safarini. Kwenye karatasi ni dhaifu. Mpe mwandishi aliye mbali na ofisi, utaona ipi inashinda.

Chukua kazi moja ya kweli, kama orodha ya mizigo ya lori, uiandike mwanzo hadi mwisho kwenye kila mashine, kisha uihamishe. Andika ulipokwama.

SWALI: Nimeuziwa kikompyuta cha mkononi, Palm Pilot 1000, kwa bei nzuri. Niweke daftari la chama chetu cha akina mama? – Msomaji, Likoni

JIBU: Hapana, dada. Ni kifaa cha 1996 chenye kumbukumbu ya KB 128 tu, hakina tundu la kadi, na betri zikifa michango ya wenzako inakwenda nazo. Kitunze kwa kupendeza kwake. Michango iandike kwenye kitabu, na kila mkutano mpige picha ukurasa huo, mweka hazina na katibu kila mmoja kwa simu yake.