Kompyuta ikianza kuvuma, usikimbilie kununua feni

Februari ya mwaka juzi nilikuwa namalizia video ya sendofu. Saa sita usiku, mteja anaitaka asubuhi. Chumba ninachofanyia kazi ndicho anacholala mwanangu. Nilipoiachia kompyuta itoe video ya mwisho, feni zikapanda mvumo mpaka mtoto akaamka analia. Nikaweka kiganja juu ya keisi, lile boksi la kompyuta, nikakiondoa upesi. Nikafungua programu ya HWiNFO kuangalia joto la prosesa, ubongo wa kompyuta: nyuzi 94. Prosesa yangu ni Ryzen 5 3600, na mwisho wake ni 95. Ikifika hapo inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, ndiyo maana kazi ya dakika 40 ilikuwa inakaribia saa nzima.

Kesho yake nilitaka kwenda Kariakoo kununua feni mpya. Nashukuru sikwenda. Feni zangu zilikuwa nzima. Zilikuwa zinakimbia kwa sababu joto limepanda, na joto lilipanda kwa sababu hewa haipiti. Tangu siku ile nauchukua mvumo kama dalili, na kitu cha kwanza ninachotafuta ni pale hewa ilipoziba.

Kompyuta hii niliiunga mwenyewe, kipande kimoja kimoja, kwa miezi saba. Naishi pembezoni mwa Dar es Salaam, barabara ya mtaani kwetu ni ya vumbi, bajaji na malori ya mchanga yanapita tangu alfajiri. Nilipofungua ubavu wa keisi, feni ya prosesa ilionekana safi. Nilipoitoa ndipo nikaona: kati ya feni na mapezi ya alumini kulikuwa na tabaka la kijivu, limeshikana, likatoka kipande kizima kama pamba ya godoro kuukuu. Hewa ilikuwa inapiga pale na kurudi. Yeyote aliyewahi kuona rejeta ya gari iliyojaa tope anaelewa: injini inachemka, na maji yamejaa tele.

Vumbi la nyumbani kwetu ni la aina mbili, na hazisafishwi kwa njia moja. La barabarani ni kavu, ukipuliza linaondoka. La pili ni la moshi: mafuta ya jikoni, dawa ya mbu ya kuchoma, ubani na udi. Hilo lina unato. Linashika kwenye mapanga ya feni, kisha linalikamata lile kavu linapopita. Blowa ya kupulizia hewa hailitoi. Hapo natumia brashi ndogo ya rangi, laini, na kitambaa kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili, ile kali ya asilimia 90 kwenda juu. Dawa ya mbu ya kuchoma nimeihamishia sebuleni, chumbani tunatumia neti. Mabadiliko hayo peke yake yamenipunguzia kazi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kusafisha nafanyia barazani, kamwe si ndani. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Kabla ya kupuliza, zuia feni kwa kidole au kijiti cha mshikaki. Feni ikizungushwa na upepo wa blowa inakwenda kasi kuliko ilivyotengenezewa, beringi inaumia, na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote. Pawasaplai, kile kiboksi kinachoingiza umeme, ipulizie kwa nje tu, kupitia matundu yake. Usiifungue. Ndani mna kapasita zinazoshikilia umeme hata baada ya kuchomoa waya, na umeme ule unaweza kuua.

Na tafadhali, usiipeleke kompyuta kwa fundi pancha akupulizie na kompresa. Najua wengi wanafanya hivyo, ni karibu na ni bei rahisi. Lile tangi linakusanya maji ndani, na mengine yanatoa na mafuta. Weka karatasi nyeupe mbele ya mpira wake, bonyeza, utaona matone.

Sasa niseme kosa langu, maana lingeweza kunigharimu prosesa nzima. Baada ya kupuliza, joto lilishuka hadi 83 tu. Nikajua pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto ulio kati ya prosesa na kipozeo (yale mapezi na feni yake), imekauka. Nikafungua skrubu nne, nikavuta kipozeo juu. Kikagoma. Nikavuta kwa nguvu, kikatoka ghafla na prosesa imeganda chini yake, imeng'olewa kwenye soketi, pale inapochomekwa, ikiwa imefungwa. Prosesa za soketi ya AM4, kama hii yangu, zina pini nyembamba kwa chini, 1331, na tatu za pembeni zilikuwa zimelala. Nilikaa chini. Nikatumia ncha tupu ya penseli ya kubonyeza, bila risasi, nikaivika kila pini na kuiinua taratibu, nikilinganisha mstari kwa ukingo wa kadi ya benki. Ilinichukua saa moja na nusu. Iliwaka.

Njia sahihi ni hii: washa kompyuta, ifanyishe kazi dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa, fungua skrubu, halafu zungusha kipozeo kushoto na kulia kama unayefungua kopo la asali. Kikishalegea ndipo uinue. Pesti ya zamani ifute yote kwa spiriti, mpya weka tone la ukubwa wa punje ya choroko mbili hivi, kipozeo chenyewe kitaisambaza.

Siku hiyo hiyo nikabadilisha kipozeo kidogo kilichokuja na prosesa, nikaweka cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120. Hiki ndicho kitu pekee ninachokushauri ulipie. Feni kubwa inasukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache, na mizunguko michache ndiyo utulivu. Joto likaja 74 kwenye kazi ile ile.

Bado nilikuwa naona watu mtandaoni wenye prosesa kama yangu wakisema wanapata 62. Niliumia kichwa kabla ya kutambua kwamba vipimo vingi vinafanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Chumba changu Februari kina 32. Kipozeo cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokizunguka, kwa hiyo zile nyuzi kumi na mbili karibu zote ni za chumba, si za kompyuta. Ukiishi Arusha au Mbeya utapata namba nzuri kuliko mimi kwa vifaa vile vile. Toa joto la chumba kwanza, ndipo ulinganishe.

Kwa hiyo nikageukia chumba. Keisi ilikuwa ndani ya sehemu ya kabati ya meza, imebanwa pande tatu, inavuta tena hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kigoda, sentimita 20 kutoka ukutani, mbali na dirisha la barabarani. Nyuzi nne zikaondoka bila shilingi. Kama yako inakaa sakafuni, iinue: vumbi la kufagia lote linapita usawa ule, na pawasaplai inayovuta hewa kwa chini inazibwa na zulia au mkeka.

Mwelekeo wa hewa una siri yake. Mbele nina feni mbili zinazoingiza, nyuma moja inayotoa. Inayoingia ikizidi inayotoka, hewa inatoka kwa kila upenyo, na vumbi halipati pa kuingilia ila kwenye chujio. Ikiwa kinyume, keisi inanyonya vumbi kwa kila tundu. Shika kipande cha karatasi laini kwenye nyufa: kikipeperuka kwenda nje, uko salama. Chujio langu ni soksi ndefu ya nailoni ya kike, imevutwa juu ya dirisha la mbele na kubanwa kwa bendi za mpira. Naivua kila Jumapili ya pili, naifua, inakauka saa moja.

Nyuma nimeweka kipande cha neti ya mbu. Hicho hakizuii vumbi, ni kwa ajili ya mijusi. Nilipofungua ile mara ya kwanza nilimkuta mmoja amekauka chini ya kadi ya picha, ameingia kupitia pengo la nyuma nilikong'oa kibati cha kuzibia na kusahau kukirudisha. Angegusa sehemu mbili zenye umeme, mazabodi ingekwenda naye. Kila kibati cha nyuma kirudishe, na kama kimepotea kata kadi ngumu uzibe.

Kelele iliyobaki haikuwa ya vumbi. Ryzen ina tabia ya kuruka kutoka nyuzi 48 hadi 62 ukifungua tu kivinjari, kisha kushuka, na feni inaifuata: vuuu, kimya, vuuu, kimya. Kupanda na kushuka huko kunachosha masikio kuliko mvumo wa wastani usiobadilika. Kwa hali ya hewa yetu mpangilio wa kiwandani unaanza kukimbiza feni mapema mno. Niliingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiweka feni kwenye asilimia 40 ya kasi yake mpaka nyuzi 65, ndipo ipande polepole, na nikaongeza sekunde chache za kusubiri kabla haijabadilika. Kisha nikawasha Eco Mode, inayoshusha prosesa kutoka wati 65 hadi 45. Video inachelewa dakika mbili tatu. Nimekubali. Hadi diski iliyokuwa inatetemesha keisi nimeiwekea vipira kwenye skrubu.

Kusafisha kwa kina nafanya mara mbili kwa mwaka: Novemba, kabla ya joto la kaskazi, na Machi mwanzoni kabla masika haijaanza, kwa sababu vumbi likinyonya unyevu linaganda, na kwa sisi wa pwani lina chumvi inayokula shaba. Kila nikimaliza nabandika plasta nyeupe ndani ya ubavu wa keisi na kuandika tarehe na joto nililolipima. Ya mwisho inasomeka 71, chumba 31. Niliipima usiku, video inatoka, mtoto amelala.