Fedha ya gramu yenye sarafu ndani: mwambie sonara asubiri

Salaam ndugu wa Malindi. Umesema umenunua fedha chakavu kwa warithi wa bibi mmoja, na humo ndani ya mitali na vikuku vilivyokatika mmekuta sarafu: reale kadhaa, rupia, zile za simba, na moja yenye mzungu aliyevaa ndege kichwani. Sonara wako anataka kuzitia zote motoni kwa bei moja ya gramu, nawe unauliza kama ni sawa.

Mimi nanunua na kuuza fedha hapa Lamu, kazi niliyoirithi kwa mjomba. Jibu langu: asubiri. Sonara wako hakuibii. Yeye anapima gramu na usafi, na kwa kazi yake hivyo viwili vinamtosha. Wewe havikutoshi.

Anza na rupia, maana hapo ndipo mizani haikusaidii hata chembe. Rupia ya India ya zamani, rupia ya Mombasa na rupia ya Mjerumani zote ni gramu 11.66, yaani tola moja, na zote zina fedha sehemu 917 kwa 1000. Hilo lilifanywa makusudi. Pwani yetu ilikuwa ikihesabu kwa rupia ya India, na aliyekuja na rupia pungufu nani angempokea? Kwa hiyo ukiziweka tatu hizo mezani, mizani itasema ni ndugu wa tumbo moja. Wakusanyaji wa sarafu hawasemi hivyo.

Ya India yenye kichwa cha Victoria, Edward au George iko nyingi mno, na ikiwa imelika uuze kwa fedha yake tu, labda na nyongeza kidogo. Ila tazama mwaka. Ya George V ya 1911 iweke kando: tembo aliyechorwa kwenye mnyororo wa vazi la mfalme alifanana na nguruwe, watu wakachukia, serikali ikaziondoa na nyingi zikayeyushwa. Zilizobaki zinatafutwa. Zile za 1940 hadi 1945 nazo zina nusu tu ya fedha, kwa hiyo usizilipie kama za mwanzo.

Ya Mombasa utaijua bila taabu. Ina jua lenye miale na taji, jina la Imperial British East Africa Company, neno Mombasa na mwaka 1888. Hii usikubali kabisa iingie kwenye chungu. Kampuni ile haikukaa miaka mingi kabla serikali ya Uingereza kuchukua nchi 1895, na sarafu zake si nyingi. Hata iliyochakaa ina mnunuzi anayelipa zaidi ya gramu zake.

Sasa huyo mwenye ndege kichwani. Ni Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani, na ndege ni tai wa kofia yake ya chuma. Geuza upande wa pili. Ukiona simba na mtende na jina la kampuni, ni ya kati ya 1890 na 1902. Ukiona maandishi ya rupia yaliyozungukwa na matawi, ni ya 1904 na kuendelea. Mjerumani hatumsikii kwa mbali sisi wa Lamu, posta yake ilikuwa hapa hapa mjini tangu 1888 hadi 1891 na jengo lake leo ni makumbusho, lakini rupia hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Tanganyika na kutufikia kwa biashara. Nzuri ina bei. Na ikiwa yako ni pana, karibu gramu 23.3, ya mwaka 1893 au 1894, hiyo ni ya rupia mbili: ifunge kwenye kitambaa safi na usimwonyeshe kila mtu.

Mizani inadanganya upande wa pili pia. Florini ya Afrika Mashariki ya 1920 ni gramu zile zile 11.66, lakini fedha ndani yake ni nusu. Nimeona watu wakiuziwa florini kwa hesabu ya rupia. Na shilingi za simba na milima, kuanzia 1921 hadi 1946, zina robo tu ya fedha, hata gramu mbili hazifiki. Za 1948 na baadaye hazina fedha kabisa.

Nimeacha reale mwisho kwa sababu ndiyo inayowapandisha watu presha bure. Kila mtu anaona 1780 anadhani ameokota mali ya karne mbili. Maria Theresa, malkia wa Austria ambaye kichwa chake kimo kwenye reale, alifariki Novemba 1780, lakini sarafu yake yenye mwaka huo iliendelea kupigwa Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Yemen, Uhabeshi na pwani yetu walikataa nyingine. Vienna wanaipiga hata leo. Mwaka, basi, hauthibitishi chochote. Ni gramu 28.07, fedha sehemu 833, kama gramu 23.4 safi, na nyingi zinauzwa karibu na hapo. Ukipata yenye mwaka kabla ya 1780, hiyo weka kando.

Lakini kuna reale nyingine kubwa isiyo na kichwa cha mtu, maandishi matupu ya Kiarabu, mwaka 1299 wa Hijria. Hiyo ni ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, iliyopigwa Ubelgiji. Usiichanganye na zile paisa zake za shaba zenye mizani, hizo ziko tele. Ya fedha ni adimu, na nusu na robo yake ni adimu zaidi.

Mambo mawili ya mkono. Kwanza, usisugue. Najua mama zetu wanang'arisha fedha kwa ndimu na majivu, na bangili inapendeza, lakini sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji anaiona mara moja na bei inashuka. Iache na weusi wake. Zilizotobolewa au zenye alama ya lehemu pale kipete cha kidani kilipokuwa, hata zikiwa za Mombasa, bei yake haikaribii ya nzima.

Pili, za bandia zimejaa, hasa reale. Sumaku ikiikamata, basi ni bandia. Isipoikamata, weka bilauri ya maji juu ya mizani ndogo ya sonara, isawazishe sifuri, kisha ninginiza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Reale ya kweli itasoma kama gramu 2.75, rupia kama 1.13. Ikizidi sana, ni madini mepesi. Tazama na ukingo wa reale: kuna maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ya bandia mara nyingi hapo ndipo inaposhindwa.

Kabla hujazituma nje: sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kunataka kibali. Rupia ya Mombasa inaingia humo, na ya Barghash vilevile. Waulize watu wa makumbusho hapo Malindi kwanza. Na kama kuna visarafu vidogo vya Kiarabu ambavyo warithi wanasema vilitoka ardhini, mfano wa vile vilivyofukuliwa Shanga kisiwani Pate, usivinunue kabisa, vipeleke huko huko makumbusho.

Weka picha ya huyo Kaizari, pande zote mbili, mchana bila flashi, na uzito wake. Na uniambie zile reale zina vipete au hazina.