Maswali ya Wasomaji: Ramani Iliyohamia Kaskazini

SWALI: Kwa miaka kadhaa nilitumia programu ya ramani ya kulipia ambayo, nakiri, nilipewa na rafiki bila leseni. Mwaka huu niliamua kuachana na mambo hayo, nikaweka Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa bure, kwenye kompyuta yangu ya mtumba, kisha nikasakinisha QGIS, programu ya bure ya ramani. Nimepata toleo la 3.22, ilhali mwenzangu anatumia 3.34, na kila ninapofungua kazi yake napewa onyo. Nilipojaribu kuongeza chanzo kingine cha programu (hazina ya mtandaoni ambako Ubuntu hupakua programu), kompyuta ilikataa ikidai kuwa vifurushi, yaani mafaili ya kusakinishia, havipatani. Nifanye nini bila kumaliza bando? – *Msomaji, Kilosa*

JIBU: Toleo ulilopata si kosa. Ubuntu hubaki na matoleo ya programu yaliyokuwapo mfumo wenyewe ulipotolewa, ndiyo maana mwenye 22.04 hupata QGIS 3.22 na mwenye 24.04 hupata 3.34. Waundaji wa QGIS hutoa toleo jipya kila baada ya miezi 4 hivi, na kila mwaka huteua toleo moja kuwa la muda mrefu, ambalo huendelea kurekebishwa kasoro bila kuongezewa mambo mapya. Kwa kazi ya ofisi sioni sababu ya kukimbilia lolote jingine.

Mgongano ulioupata una chanzo chake. QGIS husoma mafaili kupitia maktaba iitwayo GDAL na hugeuza viwianishi (tarakimu zinazotaja mahali) kupitia nyingine iitwayo PROJ, hivyo ukichanganya vyanzo viwili ambavyo kila kimoja kina GDAL yake, mfumo hushindwa kujua uchukue ipi. Sababu nyingine, ambayo nimeikuta mara nyingi zaidi, ni kunakili mstari wa chanzo ulioandikwa kwa ajili ya Ubuntu nyingine: 22.04 huitwa jammy na 24.04 huitwa noble, na neno hilo moja likikosewa hakuna kitakachokubali. Ondoa vyanzo vyote ulivyoongeza, rudisha vifurushi vya awali, kisha weka kimoja tu, kile cha qgis.org cha toleo la muda mrefu, na uhakikishe kimetajwa kwa jina la Ubuntu yako.

Kuhusu bando, pakua kwa kutumia amri ya apt-get badala ya apt, kwa kuwa apt hufuta vifurushi baada ya kuvisakinisha, ilhali apt-get huviacha katika folda ya /var/cache/apt/archives. Mwenzako mwenye Ubuntu ya toleo lilelile anaweza kuvichukua kwa flashi asilipie hata megabaiti moja.

SWALI: Mimi ni afisa mipango katika halmashauri. Nimerithi faili la mipaka ya vijiji lililochorwa zamani kutokana na ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000. Nikiliweka juu ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ndani ya QGIS, vijiji vyote vinaonekana vimesogea kuelekea kaskazini, kiasi kwamba shule imebaki nje ya kijiji chake. Katika programu ya zamani ya ofisi sikuwahi kuliona tatizo hili. Je, programu za bure zina upungufu? – *Msomaji, Mkoa wa Morogoro*

JIBU: Neno lako "kaskazini" limetosha kunionyesha ugonjwa. Pima umbali wa kusogea huko, nami natarajia utapata takriban mita 300 kuelekea kaskazini na pungufu ya mita 100 kuelekea magharibi. Vijiji havikuhama, na wala QGIS haikukosea.

Ramani za karatasi za Tanzania na Kenya za kipimo hicho zilitegemea msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, unaotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Vifaa vya GPS na OpenStreetMap hutumia msingi mwingine, WGS 84. Nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta katika maumbo hayo mawili hutofautiana kwa mita 112 hivi, na vitovu vyake pia havipo mahali pamoja, kwa hiyo tarakimu zilezile za viwianishi huangukia sehemu mbili tofauti za ardhi. Inaelekea programu yenu ya zamani haikuwa na picha ya chini ya kulinganishia, na kosa likakaa kimya.

Sasa angalia kama faili lako lina mwenzake mwenye mkia wa .prj, ambalo hutaja msingi na mfumo wa viwianishi uliotumika. Faili la .shp, lenye michoro yenyewe, haliendi peke yake: mtu akikupa hilo tu kwenye flashi, amekupa mwili bila jina. Bila .prj, QGIS huweka alama ya kuuliza kando ya tabaka (data ya faili hilo kwenye ramani), na hapo ndipo wengi huchagua WGS 84 kwa kubahatisha. Kwa sehemu kubwa ya mkoa wako lebo sahihi ni EPSG:21037 (EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya viwianishi), yaani Arc 1960 kanda ya 37 Kusini; kanda ni vipande ambavyo dunia hugawanywa kwa kufuata longitudo. Ukishaiweka, vijiji vitarudi karibu na mahali pake hapohapo. Kumbuka kuwa kuweka lebo hakubadilishi tarakimu zilizomo. Ukitaka faili jipya la WGS 84, lihifadhi upya kwa EPSG:32737, yaani WGS 84 ya kanda hiyohiyo, ikiwezekana katika muundo wa GeoPackage ambao hubeba kila kitu ndani ya faili moja. Ukiulizwa njia ya kugeuza, chagua iliyoandikiwa Tanzania. Usithubutu kulisogeza tabaka kwa mkono hadi lilingane na barabara. Nimeona kazi ya miezi ikiharibika hivyo.

Wenzetu wa Dodoma mjini wasinakili namba hizi, kwa maana mji wao uko magharibi ya longitudo 36 na huangukia kanda ya 36. Aidha, ugeuzaji huu hubaki na kosa la mita kadhaa, pengine makumi, hivyo unafaa kwa mpango wa matumizi ya ardhi lakini haufai kuamua mgogoro wa kiwanja. Huo ni wa mpima ardhi aliyesajiliwa.

SWALI: Nafundisha jiografia na siruhusiwi kubadilisha chochote kwenye kompyuta za maabara. Wanafunzi wataionaje QGIS? – *Mwalimu, Tanga*

JIBU: Tumia OSGeoLive, mfumo uliojengwa juu ya Lubuntu (aina nyepesi ya Ubuntu) ambao huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ukiwa na QGIS na data za mazoezi ndani yake. Omba ruhusa ya kuwasha kompyuta kwa flashi, kisha waambie wanafunzi wahifadhi kazi kwenye flashi ya pili kabla ya kuzima, kwa kuwa kwa kawaida mfumo huo husahau kila kitu ukizimwa.